Mwanamke wa Hotipoti

Fimbo ya kwanza iligonga mlango. Ya pili Kandida alikusudia impate mwanamke yule.

Mwanamke mwenyewe alikuwa kizingitini na hotipoti yake, kajifunga kitenge kipya, mzuri wa kuudhi. Bila haya alikuwa amemwita mume wa mtu mbele ya mwenye mume: "Baba Brightness, nimekuletea chakula."

Brightness wa wapi tena? Kandida alijaliwa mtoto mmoja tu, Damiani, na Bonga nzima ilimjua mumewe kuwa ni Baba Damiani. Kumbe kuna mtoto huko nje. Kumbe kuna jiko lingine. Ndiyo maana siku hizi mume huaga juu juu na kuondoka, utadhani alikuja kutembea tu.

Wivu ulimwaka. Nani mwingine angempoozea uji, akamchana nywele, akamfunga viatu kwa upole ule? Walilima wote shamba la Mutuka mpaka mgongo wake yeye ukapinda, lakini mume hakuzeeka hata kidogo. Mwanaume wa namna hiyo haachi kuviziwa.

"Atoke," alisema, fimbo juu. "Mume wangu simgawi na mtu."

Mume hakumnyang'anya fimbo. Hakubisha wala hakupaza sauti. Alisogea pembeni asimzibe njia, akamwashiria mwanamke arudi nyuma, kisha akaketi sakafuni, viganja wazi juu ya magoti. Alimwambia anajua ameumia, na aliyeumia lazima akasirike. Basi, kumpiga mtu aliyekaa chini namna ile ni kazi kwelikweli. Mkono wa Kandida ukachoka, fimbo ikashuka yenyewe.

"Unampenda yeye au mimi?"

"Nipo hapa na wewe, Mama Damiani."

Jibu gani hilo? Lakini alilipokea, akakubali hata kufutwa jasho.

Jioni mume akaondoka na mwanamke yule. Kandida aliwaona dirishani wakielekea barabarani, bega kwa bega, wanacheka. Alilia bila kujificha. Akaapa kwamba safari hii akirudi atakuta mlango umefungwa, alale hukohuko kwa Mama Brightness wake.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Akaingia Vicent, mhudumu wa zamu ya usiku hapo kwenye makao ya wazee, kijana mrefu mwenye ndevu, amevaa aproni ya buluu kama aliyoivua mwenzake wa mchana alipoondoka na mkewe. Hakumsogelea. Aliketi kwanza sakafuni, ndipo akasema, "Shikamoo, bibi."

Kandida aliitazama aproni ile. Uso wake ukalegea.

"Baba Damiani," alisema, "umemwacha yule mwanamke?"

"Nimemwacha," alisema Vicent. "Nimerudi."