Faili la Chini Kabisa

Bwana Kesho alimwona injinia akivuka ua wa ofisi, akalichomoa faili lake katikati ya rundo na kulisukumia chini kabisa. Ndipo akaketi vizuri, akaanza kukoroga chai.

Jina hilo alibandikwa na waombaji wa vibali, naye hakulichukia. Kwa wengine alikuwa mwepesi wa muhuri. Kwa kampuni hii tu, inayosukuma tindikali ardhini kwa visima ili iyeyushe madini na kuyavuta juu, alikuwa gogo. Wenzake ofisini waliipitishia kila kitu macho yamefumbwa, na jambo hilo lilimkera mpaka akakosa usingizi. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliishi bondeni chini ya machimbo na kunywa maji ya kisima cha uani. Basi ombi hili lilipomfikia, hakulifungua hata mara moja. Jina la kampuni juu ya jalada lilimtosha.

"Shikamoo, mzee," injinia alisema. Macho yalikuwa yamemwiva. "Nimekuja tena kuhusu kile kisima cha..."

"Marahaba. Kilichokuleta nakijua. Mkuu yuko safarini."

Injinia akalalamika kwamba lori la saruji limekaa tu kazini, mifuko inaganda kwa unyevu, na mafundi wanashinda wakipiga soga. Bwana Kesho alimsikiliza kwa raha ya mtu anayekunwa mgongo. Injinia alipoomba kuzungumza na mkuu kwa simu, aliambiwa haipatikani. Alipoomba kusubiri, aliambiwa benchi limepakwa rangi.

"Mzee, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka, kijana wangu. Njoo kesho."

Injinia hajafika getini, simu ikaita. Alikuwa dada. Maji ya kisima siku hizi yanawasha ulimi, alisema, yana ladha ya msumari. Mjukuu wake wa mwisho ameharisha mpaka amelazwa, na dripu bado haijamsaidia.

Bwana Kesho alihisi damu ikimchemka. Visima vyote vile, na bado wana uso wa kuja kuomba! Alimwambia dada awe na subira, asidhani wametupwa, huku ofisini kuna mtu anayewapigania. Kisha akalitoa faili chini ya rundo, akalifungia kwenye droo na kutia ufunguo mfukoni.

Asubuhi iliyofuata injinia alimkuta amesimama mlangoni, akimngoja. Salamu haikupata nafasi. Bwana Kesho alimmwagia yote, maji, dripu, dada, mbele ya waombaji wengine, kwa hasira iliyokuwa imelala kifuani muda mrefu.

"Visima mlivyo navyo vinatuulia watoto," akamaliza, "na hamwoni haya kuja kudai kingine?"



"Kingine?" injinia akasema taratibu. "Mzee, bomba la kisima kimoja limepasuka huko chini. Pampu tuliizima siku ile ile, lakini tindikali iliyomo inavuja kuelekea bondeni. Saruji ile ni ya kukiziba. Sheria yenu hairuhusu tukiguse bila kibali chako."

Bwana Kesho alikuwa bado anahangaika na ufunguo wa droo simu ilipoita. Alikuwa dada yake.