Dawa za Usingizi za Mzee Shekue

Mfamasia Kibibi aliingiza jina la jirani yake, Mzee Shekue, kwenye kompyuta, akashtuka. Mwezi huo mzee alikuwa ameshachukua dawa za usingizi katika kila duka la dawa mjini, isipokuwa hilo lake.

“Baba, unataka kujiua?” alinong'ona, akimwinamia mzee aliyesimama mbele ya kaunta.

“Kumbe hiyo mashine inasema yote!” Mzee aliinamisha kichwa. “Sizinywi, mwanangu. Nazisaga, nachanganya na pumba.”

“Pumba? Unampa nani?”

“Jogoo wako. Anawika kabla hata ya adhana.”

Kibibi alimnyima dawa, akamgombeza mpaka sauti ikamkauka. Jioni alimkuta jogoo amelala chini ya ngazi, mdomo wazi. Mtaa mzima ulikuwa kimya. Alisimama pale, asijue kama amwamshe.