Mti wa Kulea

Sheria ilitaka kila kaya ya Tukuyu ilee mti mmoja adimu kutoka nchi zilizokauka. Cheti alichopewa Atuganile pamoja na mche wake kilisema: “Mwenyeji: Atuganile Mwakalobo. Mgeni: mti. Unaangaliwa kama utazoea.”

Mwaka wa kwanza mti ulipukutisha majani katikati ya masika, kama ulivyozoea kwao. Mwaka wa pili ukaacha. Wa tatu, migomba ya Atuganile ikanyauka yote, na mizizi ya mti, uliosimama mbele ya mlango, ikapasua sakafu ya jikoni, ikanyooka hadi kwenye mafiga. Tangu hapo hakupika tena akiwa ameupa mgongo mlango.

Bwana miti wa serikali alikuja na futi kamba, akaupima, akachekelea.

“Hongera, mama. Mti umezoea kabisa.”

“Umezoea, au umenizoea?”

 Bwana miti akamnyooshea cheti kipya aweke dole gumba. Atuganile hakuwa mtu wa kutia dole kwenye asichokisoma, akakisogeza kwenye mwanga.

“Mwenyeji: mti. Mgeni: Atuganile Mwakalobo. Anaangaliwa kama atazoea.”