Mgonjwa wa Kwenye Barafu

Niliacha kusoma katikati ya ukurasa. Kitabuni, wasafiri wanne waliokuwa wakielekea ncha ya dunia walikuwa wamemwacha mwenzao mgonjwa kwenye barafu, wakaendelea na safari.

Kila alasiri, hapa Kitshanga katika kambi ya waliokimbia vita, tulikuwa tukisoma riwaya hiyo ya zamani, watu sita kwa kitabu kimoja. Mimi niliwasomea nikiigeuza kutoka Kifaransa kuwa Kiswahili. Siku hiyo nilikuwa nimechoka hadi sauti.

Mama Nyiramana, mmoja wa wasikilizaji, alinikazia macho. Alipokimbia kijiji chake cha Nyamitaba na wajukuu watatu, mume wake alishindwa kutembea. Mama alimwacha kando ya barabara.

"Mwalimu, ule mugonjwa, walimuacha?"

Nilitazama miguu yake. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa bado mweusi kwa mawe ya njiani.

"Hapana, Mama. Walimubeba."

"Kwenye barafu?"

"Kwenye barafu. Mpaka wakafika."

Wengine walishusha pumzi. Yeye hakusogea. Alivuta kitenge, akajifunika uso.

"Kumbe iliwezekana kumubeba," akasema.

Akaanza kuinuka. Nikamshika mkono.

"Mama, ngoja. Nimesoma mubaya."