Mke wa Pili wa Abdu

Kwa mara ya nne mwezi huo Saidati alimsihi mumewe aoe mke wa pili, na kwa mara ya nne Abdu alicheka, akanawa mikono, akaenda zake kwenye lori.

Mwanamume gani huyu! Mtaa mzima wa Mbugangari, waume walikuwa wakigombana na wake zao wakitaka kuongeza mke. Wa kwake anasukumwa kama ng'ombe mkaidi na bado hasogei. Wala hakukosa uwezo: mwaka ule wa 1954 alikuwa dereva wa lori la kahawa, na nyumba ilikuwa na chumba kizima kisicholala mtu.

Saidati hakutaka mke yeyote tu. Alimtaka Nyirasafari, binti aliyelelewa na ami yake Muhamadi, fundi cherehani, tangu baba yake afariki, na aliyekuja kwa Saidati kila asubuhi kufundishwa kusoma. Lakini Muhamadi alikwishampatia mchumba, mfanyabiashara mwenye mvi wa Stanleyville, ambaye angefika mwisho wa mwezi na kuondoka naye. Akishaondoka, basi tena. Stanleyville si mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Saidati alijaribu kila hoja. Alisema miaka tisa ya ndoa haijaleta mtoto. Alisema mgongo unamuuma na maji ya kuchota yanamshinda. Alisema dini inaruhusu. Majirani waliposikia walimsifu kwa moyo wake mpana, na sifa hizo zilimkera kuliko kicheko cha Abdu. Nyirasafari mwenyewe alipoulizwa alikubali haraka, kisha akainama juu ya kibao chake, asiweze kusoma hata neno moja siku hiyo.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya swala, Saidati alichoka kubembeleza. Alimwambia Abdu kwamba asipopeleka posa leo hii, kesho atajipikia mwenyewe.

Safari hii Abdu hakucheka. Aliketi mkekani, akasema ametoka kwa Muhamadi sasa hivi. Saidati alijikuta akitabasamu kabla hajasikia lililobaki.

"Nimemwambia asiningojee," Abdu alisema. "Amupe yule mutu wa Stanleyville. Ndoa iko Jumapili."

Saidati aliuliza kwa nini.

Abdu akatoa mfukoni mwa kanzu daftari la Saidati la jalada la buluu. Alikuwa akitafuta karatasi zake za udereva chini ya godoro, akalikuta, akalisoma lote, mashairi thelathini na mawili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mi sikujua unanipenda hivi," alisema. "Umeandika nikichelewa kuja, chai yako inapoa na hauinywi. Bon, sawa. Mutu anaandika vile juu ya bwana yake, namna gani nimuletee bibi mwingine mu nyumba? We unajitesa bure, sababu ya mutoto tu."

Akamwekea daftari mapajani, akambusu kwenye paji la uso, akatoka kwenda kuwaambia rafiki zake kwamba hakuna mwanamume mwenye bahati kumshinda.

Saidati akalirudisha daftari chini ya godoro. Mashairi yote thelathini na mawili alikuwa amemwandikia Nyirasafari.