Kofia Moja, Mtoto Mmoja

"Fungua kitenge, bibi! Fungua hapa hapa, wote waone!"

Bibi Enelesi alisimama mlangoni mwa wodi ya wazazi, mikono kaikunja kifuani, kitenge kimemvimba mbele. Akazidi kukaza fundo. Nesi Modesta alijua wezi ndivyo wanavyofanya.

Na Zahanati ya Mkanyenda ina mali gani ya kuibwa, jamani? Mashine ya kuwapasha joto watoto njiti ipo, tena mpya kabisa, bado imevaa nailoni yake, mwaka wa tatu huu inasubiri umeme. Kilichobaki ni kofia mbili za sufu na vikombe viwili vya kunyweshea maziwa. Sasa kofia imebaki moja, kikombe kimoja, na mkaguzi wa wilaya anafika kesho. Miaka kumi na minne ya kazi, halafu afukuzwe kwa ajili ya kofia!

Balaa lilianza Jumatatu, Takondwa, binti wa bibi huyu, alipojifungua pacha kabla ya miezi kutimia. Wa kwanza alilia. Wa pili hakulia, na Modesta, peke yake na wazazi watatu mikononi, alimtupia jicho, akaandika daftarini "amezaliwa mfu", akamfunga kitambaa na kumkabidhi bibi. Mazishi ya wachanga kama huyo ni kazi ya wanawake wazee, wanaume hawaitwi. Ukurasa ukafungwa. Kazi safi.

Hata saa haikupita, bibi huyo karudi mbio na maswali.

"Nesi, ukiandika kwa makosa, unafuta?"

"Daftari la serikali halifutwi, bibi. Kapumzike."

"Na kofia ile nyingine..."

"Kofia moja, mtoto mmoja. Ukitaka zaidi kamwombe waziri."

"Haya. Lile joto la kifuani ulilomfundisha Takondwa kumpa mtoto, lazima liwe la mama mwenyewe?"

"Hata la mbuzi, bibi, mradi ngozi iguse ngozi! Nina kazi mimi."

Tangu siku hiyo Takondwa anakula ugali wa watu watatu na kukamua maziwa vikombe viwili kwa mkupuo.

"Mwanao hajafika hata kilo moja na nusu," Modesta alimwambia, "yote hayo anayapeleka wapi? Ana tumbo la ndama?"

Takondwa akatazama ukuta.

Bibi naye akanenepa kifua kwa siku moja. Hatwangi, hainami, haogi na wenzake. Na wanawake wenzake wa banda la wasindikizaji wa wagonjwa wakawa wanamzunguka kila apitapo, wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kupasua masikio. Ucha Mungu ulioje! Modesta aliwahi kuona genge la wezi, lakini lenye kwaya, hili lilikuwa la kwanza.

"Nahesabu mpaka tatu, naita polisi," alisema sasa. "Moja!"

"Usijichoshe, mwanangu," bibi akasema, akalegeza fundo.

Kikombe kilikuwepo. Kofia pia ilikuwepo, katikati ya kifua cha bibi, na ndani ya kofia uso mdogo uliokunjamana ukapiga chafya.

"Haya, mwandikie mkaguzi," bibi akasema. "Mwizi ni yule marehemu wako."