Mgonjwa wa Mtihani

"Unazidisha," Dada Michezo alimnong'oneza mgonjwa wake. "Hayo machozi yaache, utaniangusha."

Machozi yakazidi kumtiririka mgonjwa.

Ilikuwa siku ya mtihani wa wataalamu wa tiba ya burudani, wale wanaowafundisha waliopatwa na kiharusi kutumia tena viungo vyao kwa mpira, muziki na michezo. Katika ukumbi wa hospitali moja, nusu ya washiriki waliigiza wagonjwa, nusu wakawatibu, na kila mmoja alipangiwa mwenza kutoka hospitali nyingine ili wasibebane. Dada Michezo alikwisha kuanguka mtihani huo mwaka uliopita. Akianguka tena, bosi wake alimwambia bila kupepesa macho, atarudi kugawa karata kwenye ukumbi wa wagonjwa.

Mwenza wake alichelewa mpaka wengine wote wakaanza. Kisha mhudumu akatokea akisukuma kiti cha magurudumu, akauliza kama mazoezi ya kiharusi ni hapa. Dada Michezo akadakia kwamba ni hapa hapa. Mtu mwenyewe alivaa pajama na kandambili, na Dada Michezo akatulia. Huyu kajiandaa. Wagonjwa wa wenzake walikuwa na tai shingoni, wakibonyeza simu kwa mikono iliyopooza.

Alimvika glavu nene kwenye mkono mzima, ili ule mlegevu ulazimike kufanya kazi. Angekuwa mgonjwa wa kweli, Dada Michezo angemwonea huruma, angemwokotea mpira na kummalizia sentensi. Lakini mtu anayeigiza, huruma ya nini? Aliweka mpira mezani, akamwamuru auchukue. Vidole vikatikisika, vikalala. Akamwamuru tena, kwa ukali. Jasho likamtiririka kaka wa watu.

Mkufunzi aliyesimamia mtihani akafika. Alikuwa amehutubia juu ya kiharusi katika kumbi nyingi za hoteli, na wodini alionekana kwa nadra. Alimtazama mgonjwa, akatikisa kichwa. Tabibu hana neno, alisema, ila huyu anamharibia: mdomo umepinda kupita kiasi na kutetemeka kwenyewe ni kwa ovyo ovyo.

"Mgonjwa halisi hafanyi hivyo," alisema. "Siku moja nenda wodini ukawaone."

Mgonjwa alihangaika kusema kitu, ikatoka sauti ya kukoroma tu. Mkufunzi akamshauri hata hiyo aipunguze.

Dada Michezo aliona karata zinamsubiri. Akamwinamia sikioni.

"Kaka yangu, mimi nina watoto. Chukua huo mpira."

Yule mtu aliukazia macho mpira. Akauma meno. Mkono mlegevu ukatambaa juu ya meza, vidole vikaufumbata mpira, vikaunyanyua kidogo.

Ukumbi ukapiga makofi. Mkufunzi akasema kupona kwa ghafla namna hiyo ni uigizaji wa ovyo kuliko wote, lakini Dada Michezo amefaulu. Akatangaza mtihani umekwisha, wagonjwa wote wainuke. Wakainuka, wakijinyoosha na kutaniana. Mmoja tu alibaki kitini, analia waziwazi.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye chupa ya chai, anahema.

"Baba watoto, wodi nzima wanakutafuta. Nani kakuleta huku?"

Kisha akauona mpira, na mkono mlegevu ulioushika, na chupa ikamponyoka.